Ngazi ya kubebeka kwa wenye RV: pima paa na pima mlango wa buti kabla hujalipa

Mvuta Karavani (Texas)

Wakuu, salaam. Msimu wa kambi unakaribia na maswali ya ngazi yameshaanza kuingia kwenye simu yangu, kwa hiyo nayajibu yote hapa kwa mkupuo mmoja. Ni marefu, chukueni chai.

Kwa mlioko nyumbani: RV ni nyumba ya magurudumu, ama gari zima lenye injini yake, ama trela linalovutwa na pikapu. Ndani kuna vitanda, jiko, choo na bafu. Huku Marekani Waswahili nao wameanza kuzinunua, wakiwemo madereva wa malori ambao kuvuta trela kwao si jambo geni. Picha mnazoziona ni za viti vya nje na nyama kwenye jiko la mkaa. Kazi ya paa haipigwi picha, na paa ndilo linaloamua kama chombo chako kitafika miaka 15 au kitaoza kwenye mwaka wa 5.

Mapaa mengi yamefunikwa kwa mpira wa EPDM au TPO. Kila kilichotobolewa juu yake, iwe feni, bomba la hewa la choo, antena au nyaya za sola, kimezungushiwa gundi ya kuzibia. Jua linaikausha gundi, inapasuka, maji yanapenya taratibu na kuozesha mbao. Wewe unakuja kugundua siku dari linapobonyea ukiligusa. Kwa hiyo lazima upande ukague, angalau mara mbili kwa mwaka, na tena kila ukipita njia yenye matawi yanayokwaruza juu.

Najua mtu atasema, "Mbona yangu ina ngazi imefungwa nyuma?" Ikague kwanza. Nyingi zimefungwa kwa skrubu kwenye ukuta mwembamba, na kikomo chake huwa paundi 200 au 250. Tikisa kila mguu wake kwa mkono. Ukiona skrubu inacheza, au gundi iliyozunguka kibati kinachoushikilia ukutani imeachia, usiipande, na ujue hapo ndipo maji yanapoingilia. Halafu kuna watu wanaitundikia baiskeli mbili safari nzima, kisha jioni wanaipanda. Sikubaliani na jambo hilo kabisa. Vilevile ngazi ya nyuma inakufikisha mahali pamoja tu. Ukitaka kusafisha dirisha la juu, kukagua turubai la kivuli au kutoa majani juu ya chumba kinachosukumwa nje (kile kipande cha ukuta kinachotolewa kuongeza nafasi ukishaegesha), haikusaidii.

Sasa urefu. Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ngazi ikiwa imenyooshwa, si kimo itakachokufikisha. Ngazi inaegemezwa kwa mlalo wa kama nyuzi 75, yaani kwa kila futi 4 za kwenda juu, miguu yake inakaa futi 1 mbali na ukuta. Pia ncha inatakiwa ipite ukingo wa paa kwa futi 3 ili uwe na pa kushika unapovuka. Watu wanasahau kabisa hizo futi 3. Wanafika juu na hawana cha kukamata, wanatambaa kwa tumbo. Kupanda kwa namna hiyo kunaweza kwenda vizuri. Kushuka, ukitafuta kipandio kwa mguu bila kukiona, ndiko kunakovunja watu nyonga.

Hesabu ni hii. Trela la kawaida lina kimo cha futi 10 na nusu hadi 11 na kidogo. Chukua 11, ongeza 3, unapata 14. Kwa sababu ya mlalo gawanya kwa 0.97, inakuja kama futi 14 na nusu. Ngazi za futi 12.5 ndizo zinazouzwa kwa wingi kwa sababu ni nyepesi na bei inavutia. Kwa trela hilo ni fupi. Ukiegemeza ya 12.5 ncha inafika kama futi 12 tu. Yale matrela makubwa ambayo shingo yake inaungwa ndani ya bodi ya pikapu yanakaribia futi 13 na inchi 6, kile kikomo cha barabara katika majimbo mengi, hivyo wenye hayo hesabu yao ni kubwa zaidi. Msikadirie kwa macho. Panda kwa ngazi ya kuazima, dondosha futi kamba kutoka ukingo wa paa hadi chini, andika.

Kipimo cha pili ni buti, yaani sehemu ya kuwekea mizigo inayofunguliwa kutoka nje ya RV. Usipime ndani ya buti, pima MLANGO wa buti, upana na kimo, kisha pima kwa pembe, maana wakati mwingine kitu kinaingia kwa kulazwa mshazari. Nimeona buti lenye nafasi ya futi 7 ndani, linapita upande huu hadi ule, mlango wake hauzidi inchi 30. Ngazi ya kukunjwa ikakwama mlangoni.

Aina ziko tatu za maana. Ya kwanza ni ile inayoingia ndani kwa ndani, vipande vinazama kimoja ndani ya kingine kama antena ya redio. Ikifungwa inabaki karibu futi 3, uzito wake ni kati ya kilo 11 na 17 kutegemea urefu. Ya pili ni ya bawaba, inakunjwa vipande vinne, na ukitaka unaisimamisha kama A au unaiegemeza. Imara sana, ila ikikunjwa inakuwa nene na mguu wake wa chini ni mpana, kwa hiyo usipime urefu tu. Ya tatu ni ya vipande vinavyochomekwa, kila kipande unakibeba peke yake.

Mimi natumia ya kwanza, ya futi 15.5, na ninaipendekeza kwa yeyote asiye na pikapu yenye nafasi nyuma. Lakini ina masharti. Kila kipandio kina pini pande zote mbili. Ukiifungua, sikiliza mlio wa kulia na wa kushoto, kisha angalia kwa macho kipandio kimoja kimoja. Nyingi zina alama au kitufe kinachoonyesha kama pini imeingia. Pini moja ikiwa nje, funga uanze upya. Ukiifunga, shika nguzo kwa nje. Vidole visikae kati ya vipandio, kwa sababu vipande vinashuka kwa uzito wake vyenyewe. Kuna za kisasa ambazo zinashuka polepole kwa kubanwa na hewa. Lipia hiyo tofauti ya bei, hasa kama kuna watoto kambini.

Uzito wa kubeba: Marekani ngazi zina daraja limeandikwa ubavuni. Type III ni paundi 200, Type II 225, Type I 250, Type IA 300, Type IAA 375. Namba hiyo inahesabu wewe, viatu, zana mfukoni na ulichoshika. Mtu wa paundi 210 mwenye ndoo ya galoni 5 iliyojaa maji, ambayo ni zaidi ya paundi 40, ameshaipita Type I. Nunua IA uwe na amani. Ndoo ivute kwa kamba ukishafika juu.

Kuegemeza. Ukuta wa RV si tofali. Ni faibaglasi nyembamba au bati la aluminiamu, na kile kimfereji cha maji ukingoni kinapinda ukikiegemea. Mimi nachana lile boya refu la sponji la kuogelea la watoto, navisha nguzo mbili za juu, nafunga kwa kamba za plastiki. Bei yake ni dola chache na haliachi mkwaruzo. Egemeza karibu na kona, ambako kuta mbili zinakutana na fremu ina nguvu. Usiegemeze kwenye mkono wa turubai la kivuli wala kwenye chumba kilichosukumwa nje. Kabla ya yote weka kabari kwenye matairi na ushushe jeki zote, kwa sababu chombo kinachocheza juu ya springi kinaitikisa na ngazi.

Uhifadhi nitaueleza chini, nimechoka kuandika kwa simu. Karibuni.

---

Mama Kambi (Minnesota)

Kaka shukrani, huu uzi umekuja wakati wake. Naomba niongeze la baridi. Huku theluji ikikaa juu ya paneli za sola hazizalishi kitu, kwa hiyo mume wangu anapanda kuzifagia hata Novemba. Ngazi za kuingia ndani kwa ndani zikihifadhiwa na unyevu kisha usiku ukashuka chini ya sifuri, maji yaliyobaki kwenye mirija yanaganda na pini hazitoki wala haziingii. Ukilazimisha unavunja kitufe. Sisi tunaifungua yote, tunaifuta kwa taulo kipande kwa kipande, halafu inalala ndani ya RV na si kwenye buti la nje.

Swali langu: yeye ana paundi 230 na ameshikilia kwamba Type I inatosha.

---

Mvuta Karavani (Texas)

Dada Mama Kambi, ahsante kwa hilo la barafu, wengine wa kusini hatulijui. Shemeji anavaa buti za theluji, koti zito na ameshika fagio. Ameshakaribia 250 kabla hajaweka mguu kwenye kipandio cha kwanza. Mwambie IA, na barafu ikiwepo juu asikanyage paa kabisa. Kuna fagio za sponji zenye mpini mrefu wa kuvuta, anasimama kwenye kipandio cha katikati anafagia kutoka pembeni.

---

Fundi wa Paa (Ohio)

Mleta uzi umeandika vizuri ila kwenye aina nakupinga. Mimi ndiyo kazi yangu, natengeneza mapaa ya RV. Ngazi za mirija, yaani hizo za kuingia ndani kwa ndani, nimeziona nyingi zimekufa kwa sababu moja: mchanga. Mtu anapiga kambi ufukweni, anaisimamisha kwenye mchanga, anaifunga na punje zake ndani. Punje zinakwaruza mrija kutoka ndani, baada ya muda vipande vinakwama katikati. Jingine ni mbonyeo. Mrija ukibonyea kidogo tu, hata mbonyeo ambao huuoni mpaka upitishe kidole, kile kipande hakitazama tena. Na watu wanarusha jenereta juu ya ngazi ndani ya buti!

Ngazi ya vipande haina matatizo hayo. Haina mrija wa kuteleza, haina pini za springi. Kipande kikiharibika unanunua kipande. Inaingia kwenye buti lolote. Ubaya wake ni kwamba inachukua dakika kadhaa kuiunganisha, na kuna mtu atakuwa mvivu aache kipande kimoja ndani, kisha aunge fupi. Lakini kwa uimara sina shaka nayo.

Halafu wakuu, juu ya paa lenyewe: vueni viatu vyenye soli ngumu. Tembea juu ya mbao zilizopita chini ya mpira, utaziona kwa mistari ya skrubu au kwa kubonyeza kwa kiganja. Ukiwa unapiga gundi piga magoti juu ya kipande cha plaiwudi ili uzito usambae. Na someni kitabu cha RV yenu kwanza, yako mapaa ambayo hayakutengenezwa kubeba mtu. Hayo unafanyia kazi ukiwa kwenye ngazi tu, ndiyo maana ngazi ya kusimama yenyewe kama A ina thamani yake.

Jingine dogo: msisafishe mpira wa EPDM kwa petroli wala kitu chenye mafuta ya taa. Unavimba.

---

Mvuta Karavani (Texas)

Fundi, heshima yako. Kwenye mchanga nakubaliana nawe mia kwa mia. Huwa tunakwenda Padre Island, ule ufukwe wa hifadhi ya taifa karibu na Corpus Christi, ambako unaruhusiwa kuendesha na kulala mchangani. Kule ngazi yoyote inazama mguu mmoja kabla ya mwingine. Natembea na kipande cha plaiwudi cha futi 2 kwa 3 chenye kibao kimepigiliwa ukingoni kuzuia miguu isiteleze. Nikimaliza naimwagia maji safi ya bomba ikiwa bado imefunguliwa, kwa sababu chumvi ya bahari inaila aluminiamu na springi za pini, naiacha ikauke juani. Hapo ndipo naifunga. Mirija siipaki grisi wala mafuta ya injini, yanakamata vumbi. Ikiwa nzito kuteleza, silikoni kavu ya kupuliza kidogo kwenye kitambaa, basi.

Sasa uhifadhi nilioahidi, nijibu pamoja na hoja yako ya mbonyeo.

Ngazi iwe kitu cha mwisho kuingia na cha kwanza kutoka. Kwenye buti langu imelala ubavuni ukutani, kwenye ndoano mbili nilizovisha mpira, mkanda mmoja umebana katikati. Hakuna kinachokaa juu yake. Ule mkanda wake mwenyewe wa kuizuia isifunguke lazima ufungwe, la sivyo barabara mbovu itaichomoa kipande kwa kipande, nayo itatoboa bomba la maji taka au kupasua taa ya buti. Mifuko inayouzwa nayo ni mizuri kwa vumbi, ila ukiiingiza ikiwa na unyevu umeitengenezea sanduku la kutu.

Usiisimamishe kabatini ndani ya RV. Ukifunga breki inakuja na mlango wa kabati. Usiifunge kwenye ile ngazi ya nyuma, kwa sababu umeongeza mzigo kwenye skrubu zilezile nilizosema mzikague, na kwenye kambi za wazi mtu anaondoka nayo usiku. Wenye pikapu, ubavuni mwa bodi panafaa ikiwa ndani ya kifuniko na imefungwa kwa mnyororo. Ya faibaglasi isikae juani mwaka mzima: rangi ya juu ikichakaa nyuzi zinatokeza na zinachoma mikono.

Na uzito wake uhesabu kwenye mzigo wa trela. Kuna karatasi ya njano karibu na mlango imeandikwa uzito wa mizigo unaoruhusiwa. Ngazi, maji, jenereta, viti, vyote vinakula humo.

---

Dereva wa Usiku (Arizona)

Hamjagusa umeme. Aluminiamu inapitisha umeme, na kwenye kambi nyingi nyaya zinapita juu ya maegesho. Kaa angalau futi 10 kutoka kwenye waya wowote, na uhesabu ngazi ikiwa imesimama wima kabla hujaiegemeza, kwa sababu hapo ndipo ncha yake inapofika juu zaidi. Ukiibeba ikiwa imefunguliwa, ibebe imelala. Mimi nilinunua ya faibaglasi kwa sababu hiyo. Nzito, lakini sijuti.

---

Vumbi la Seronera (Arusha)

Wakuu wa majuu nimefuatilia kimya, niruhusuni niingie. Sisi huku hatuna RV kwa wingi, ila tunakodisha Land Cruiser zenye hema juu ya paa kwa wageni wanaojiendesha wenyewe kwenda Serengeti na Ngorongoro. Ngazi yetu si ya ukaguzi, ni sehemu ya kitanda. Hema likifunguliwa nusu ya sakafu yake inaning'inia nje ya gari na ngazi ndiyo inayoibeba. Hatari yetu ni mgeni anayeondoa ngazi usiku akidhani anazuia nyani wasipande. Sakafu inakosa mhimili, na mtu yumo ndani.

Mambo mawili mliyosema tunayaishi. Vumbi la ile njia ya kutoka Naabi, lango la kuingilia Serengeti, ni laini kama unga, linaingia kila mahali, kwa hiyo ngazi za mirija tunazipuliza kwa kompresa kila gari likirudi. Na pini: tunamfundisha mgeni ahakikishe pande zote mbili zimelia kabla ya mama na watoto kupanda. Gari likiwa limenyanyuliwa springi, ngazi ya kawaida inakuwa fupi na sakafu ya hema inalala kuelekea nje. Hapo tunaongeza kipande cha kurefusha kinachouzwa na watengenezaji wa hema, hatupangi mawe chini ya miguu.

---

Mvuta Karavani (Texas)

Vumbi la Seronera, karibu sana, hilo la mawe lifike kwa wote. Hata huku watu wanapanga vile vibao vya plastiki vya kusawazishia matairi chini ya ngazi. Vinateleza. Ardhi ikiwa haiko sawa chimba upande ulioinuka, usiinue uliozama.

Dereva wa Usiku, ahsante. Nilipaswa kuanza na waya.

---

Mgeni wa Kambi (Maryland)

Habari zenu wakubwa zangu. Nimenunua RV ndogo yenye injini, kimo futi 10 kamili kwenye ukingo. Mlango wa buti ni inchi 38 kwa 14. Sina pikapu. Nina paundi 180. Nina paneli mbili za sola juu na nataka kuzifuta vumbi na kukagua gundi. Ngazi ya nyuma ipo lakini skrubu mbili za chini zinacheza. Ninunue nini?

---

Mvuta Karavani (Texas)

Mdogo wangu, kwanza usiguse hiyo ya nyuma mpaka skrubu zitolewe, matundu yakaguliwe kama mbao imeoza, yajazwe na yapigwe gundi upya. Ukiona skrubu inatoka na unga wa mbao mweusi, mwite fundi. Maji yameshaingia.

Futi 10 na 3 ni 13, gawanya kwa 0.97, kama futi 13 na nusu. Kwa hiyo 12.5 haikutoshi, nenda ya futi 14 au 15.5, Type IA. Miguu utaiweka futi 2 na nusu kutoka ukutani. Mlango wa inchi 38 kwa 14 unapitisha ya mirija bila shida. Hata hivyo nenda dukani na futi kamba, pima ikiwa imefungwa pamoja na ule mguu mpana wa chini, maana kwenye baadhi ya ngazi huo mguu ni mpana kuliko ngazi yenyewe. Ukikuta haupiti mlangoni, angalia kama mguu unafunguliwa kwa boliti.

---

Fundi wa Paa (Ohio)

Au nunua ya vipande 😊 Mgeni wa Kambi, piga picha hayo matundu ya skrubu uweke hapa kabla ya mvua ya wikendi. Ziba kwa turubai kwa sasa.

---

Mgeni wa Kambi (Maryland)

Nashukuru sana wote. Nimetoka kuangalia, skrubu ya kushoto imetoka na unga mweusi. Naleta picha asubuhi kukiwa na mwanga.